Sahani ya Mchicha kutoka Uani

Majengo, Gisenyi
8 Novemba 1998

Mama mpendwa, shikamoo.

Mwanao Shema aliondoka Jumanne na lori la mbao kwenda Kigali, akaniachia ujumbe wako akiwa mguu mmoja ndani ya lori na mwingine nje: kwamba fundi Kagabo atakuja kusakafia uani kwa saruji, kisha ajenge vyumba vya kupangisha kando ya ukuta. Nyumba ni yako, Mama. Uliijenga kabla sijajua kwamba siku moja nitakuwa mkweo, na sitajifanya nimelisahau hilo. Lakini tangu niolewe umenichukulia kuwa mtu anayeruhusiwa kusema, nami naomba niseme kabla saruji haijamwagwa, kwa sababu ikishakauka hakuna hoja itakayoota juu yake.

Uwanja ule unaouona kuwa kokoto tupu, mimi nauona kuwa shamba ambalo halijalishwa. Kokoto zetu nyeusi za volkano hazikosi rutuba. Zinakosa kitu cha kuzishikamanisha na kuyazuia maji yasipotee. Kitu hicho ni mboji, na mboji haitoki dukani. Inatokana na maganda ya ndizi na ya viazi, majani ya kabichi, majivu ya jikoni na nyasi kavu, yaani yale yote tunayoyamwaga mtaroni kila jioni kisha asubuhi tukaenda sokoni kununua mboga. Kule Karagwe nilikokulia, kila nyumba ilikuwa na lundo lake nyuma ya jiko, na hakuna aliyeona ajabu.

Wiki iliyopita nilianza. Nimechagua kona ya kivuli karibu na bafu, nikapigilia vigingi vinne na kuvizungushia mbao za makasha. Sheria ni moja tu: kila anayekula katika nyumba hii hupeleka maganda yake lunduni kwa mkono wake mwenyewe. Hata Shema. Alilalamika sana, akapeleka.

Nipe muda, Mama. Siombi zaidi ya hapo.

Barua hii itavuka mpaka ndani ya kapu la Igihozo, yule dada anayepeleka nyanya Goma kila asubuhi. Jibu lako pia mpe yeye.

Mkweo mwenye heshima,
Belyse


Goma, Birere
12/11/98

Mukwe wangu Belyse,

Marahaba. Huku Goma hatuna hiyo shikamoo yenu ya Tanzania, lakini yako naipokea, inanifanya nijione mutu mukubwa.

Barua yako ilifika ndani ya kitunga, chini ya tomate. Nikaisoma mara mbili. We mwalimu, unaandika kama mutu mwenye kusimama mbele ya wabunge! Niliwasomea wanawake wenzangu wenye kuuza vitenge, wakapiga makofi, kisha wakauliza: "Sasa anaomba nini?" Nikawaambia: "Anaomba kufuga takataka." Tulicheka mpaka muteja mumoja akakimbia.

Bon. Mi nilizaliwa Gisenyi, pale nyuma ya nyumba napajua. Baba ya Shema alipanda pale ndimu, ikakufa. Akapanda maua, ikakufa. Ni mawe tu, mwanangu.

Lakini sitaki watu waseme Saidati haskie. Donc tupatane. Siku ya Idi Kubwa, mwezi wa tatu, nitakuja. Ukiniwekea sahani moja ya lengalenga yenye imetoka pale uani, nikaikula nikashiba, Kagabo hatamwanga hata ndoo moja ya simenti. Ukikosa, anaanza Jumatatu yenye itafuata, na we hutalia. Na usiende kuninunulia ingine kwa soko. Mi niko mucuruzi. Mboga ya kununua naijua kwa macho.

Mama mukwe wako,
Saidati


Majengo, Gisenyi
6 Desemba 1998

Mama mpendwa, shikamoo.

Masharti yako nimeyapokea na nimeyakubali yote. Hiyo lengalenga, Karagwe tuliiita mchicha, na majirani zangu hapa wanaiita dodo. Kwa jina lolote utakalochagua, utaila.

Sitakuficha kwamba tulianza vibaya. Nilidhani kila kinachooza kinafaa. Nikatupa humo vichwa vya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani ambao Shema hawezi kukaa bila kuwala, nikavifunika kwa majani ya mikaratusi kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu. Sambaza walinuka, mikaratusi haikuoza, na mvua ikageuza vyote kuwa uji. Siku ya kumi na mbili, bwana Gasana, nyumbakumi wetu, alibisha hodi akiwa ameziba pua kwa kofia yake.

"Mwalimu," alisema, "ninaongoza nyumba kumi, na zote kumi zimekuja kwangu kulalamika."

"Hata yangu?" nikamuuliza.

"Yako ndiyo iliyotangulia. Harufu yake ilifika kabla ya watu."

Akanipa wiki mbili. Nami sikuzitumia kubishana. Nililifumua lundo lote kwa jembe, nikazika sambaza mbali na nyumba, nikayatoa majani ya mikaratusi moja moja. Nikaenda mashambani Kanzenze Jumamosi kwa pikipiki, nikarudi nimekumbatia mzigo wa mabua ya maharage mkubwa kunizidi, hata dereva akadai nauli ya abiria wawili. Nikapanga upya: tabaka la vikavu, tabaka la vibichi, konzi ya majivu, udongo kidogo, kisha vikavu tena. Juu nikafunika kwa majani ya migomba ili mvua iteleze. Na kwa Narcisse, dereva wa minibasi ya Rubona, nikapata magunia matatu ya machicha ya nafaka, ambayo yametia lundo joto la ajabu. Nimechomeka kijiti katikati, kama nilivyomwona bibi yangu akifanya. Asubuhi nikikichomoa, ncha yake inatoa mvuke na haishikiki.

Gasana alirudi wiki zile mbili zilipotimia. Alikuja na kofia mkononi, tayari. Akanusa. Akanusa tena. Kisha akaivaa kichwani na kusema pananukia kama msitu baada ya mvua.

Tuko njiani, Mama.

Belyse


Goma, Birere
17/12/98

Belyse mwanangu,

Nilicheka Gasana mpaka machozi. Yule tulisoma naye darasa moja. Tangu utoto anapenda kuziba pua.

Lakini kuna neno moja nilisoma, nikarudi nyuma kulisoma tena. Machicha ya nafaka gani? Rubona iko samaki, iko mashua, iko kiwanda ya bia. Kinu ya kusaga haiko. Uniambie.

Ramadani inaanza wiki hii. Kwa Idi Ndogo sitakuja, wateja watakuwa mingi. Shema asije kunifuata. Niko muzuri.

Umuulize tu kitu kimoja: kutoka mulango wa nyuma mpaka bafu, kuna ngazi ngapi? Nimesahau.

Saidati


Majengo, Gisenyi
31 Januari 1999

Mama mpendwa, shikamoo, na Idi iliyopita iwe ya heri.

Tulikukosa. Shema aliweka sahani yako mezani, kisha akaiondoa. Ngazi ni tatu, nimezihesabu mwenyewe.

Sasa nikupe habari ambayo huenda imekwisha kukufikia. Bwana Gasana, baada ya kunusa kwake kule, alikwenda akitangaza jambo lile kana kwamba amelivumbua yeye, na Jumamosi iliyopita, watu walipomaliza kufagia mitaro, akaniita mbele ya mtaa mzima niseme. Walikuwepo kama sitini, majembe mabegani. Nakunakilia niliyosema, kwa sababu wewe ndiye uliyenilazimisha kuyajua:

"Majirani zangu, sikuja kuwafundisha jambo geni. Wazazi wetu mashambani walilijua, sisi tuliokaa mjini ndio tuliolisahau, tukadhani jikoni kuna taka. Jikoni hakuna taka. Kuna udongo ambao haujafika mwisho wa safari yake. Anayetaka kuanza, aanze na alicho nacho: kona yenye kivuli, vigingi vinne, na pua yake mwenyewe. Pua ndiyo kipimo. Lundo likinuka, lina unyevu kupita kiasi. Liongeze vikavu, uligeuze lipumue. Lundo likipoa kabla ya wakati, lina njaa, liongeze vibichi. Weka vipimo viwili vya vikavu kwa kipimo kimoja cha vibichi. Usiweke nyama wala samaki. Mimi niliweka, na nyote mlihudhuria."

Hapo walicheka kwa muda mrefu. Nikawasubiri.

"Ligeuze kila wiki mbili. Usilionee haya, wala usiliharakishe. Siku utakapochota konzi yake, ukaifinya, isidondoshe maji wala isitawanyike mkononi, nawe usiweze kutambua lipi lilikuwa ganda la ndizi na lipi jani la kabichi, siku hiyo umekwisha kuwa mkulima, hata kama shamba lako ni hatua sita kwa nne."

Mama mmoja mwenye duka la ushonaji akauliza: "Mwalimu, na vitambaa?" Nikamjibu: "Pamba peke yake. Nailoni itatuzika sote." Leo nyumba saba za mtaa huu zina malundo.

Lundo letu limepoa na limeiva. Ni jeusi kuliko kokoto, na laini kama unga. Kesho nachanganya, Jumatano napanda. Kagabo mwambie atafute kazi kwingine.

Belyse


Goma, Birere
9/2/99

Mwalimu wa takataka,

Maneno yako ilivuka mupaka mbele ya barua. Igihozo aliniimbia hotuba yote, na mikono. Wanawake wa hapa wanauliza kama unaweza kuja kusema Birere. Niliwaambia hatuna karatasi yenye kukutosha kuvuka na maneno yote hayo.

Nafurahi. Vraiment nafurahi.

Lakini nilikuuliza nafaka gani, na sikuona jibu. Barua yako iko murefu, nilitafuta kila mahali, hata nyuma ya karatasi.

Kagabo anauliza vitu vyake. Uniambie: kona gani ya uani inapata jua ya asubuhi? Na ukuta wa upande wa jikoni, mutu akilala pale atasikia kelele ya barabara? Ni ya wapangaji, wanapenda kuuliza.

Saidati


Majengo, Gisenyi
14 Machi 1999

Mama mpendwa, shikamoo.

Mchicha umefika magotini. Majani yake ni mapana kama kiganja cha Shema, na Gasana huja kila asubuhi kuutazama kama mtu anayemjulia hali mgonjwa aliyepona. Kwa masharti tuliyowekeana, nimeshinda.

Lakini sitakuacha ule kabla hujalisoma hili.

Uliniuliza mara mbili: ya kwanza nikakujaza maneno mengine, ya pili sikukuandikia kabisa. Machicha yale yalitoka kwenye kiwanda cha bia. Nilijua tangu siku Narcisse aliposhusha magunia. Nilijua kabla hujaniuliza. Lundo lilikuwa limekufa, Gasana amenipa wiki mbili, na nikajiambia kwamba nafaka ni nafaka. Halafu ulipouliza, nikaogopa kwamba nitapoteza uwanja. Mimi ni Mkristo niliyeolewa katika nyumba ya Waislamu, nanyi hamjanifanya nilihisi hilo hata siku moja. Na mimi ndiye niliyekuwa tayari kukupa, siku ya Idi, chakula kilichooteshwa kwa kitu ambacho dini yako imekikataza, nikutazame ukila, nijihesabie ushindi. Nilisimama mbele ya watu sitini nikawaambia waamini pua zao, ilhali yangu ilikuwa imeshaniambia siku nyingi.

Usile, Mama, kama moyo wako unakataa. Mwite Kagabo. Sitalia, kama tulivyopatana. Uwanja ukienda kwa sababu ya kweli, nitauona umekwenda vizuri.

Belyse


Goma, Birere
21/3/99

Belyse,

Siku tano nilikaa na barua yako bila kuijibu. Ya kwanza nilikasirika. Ya pili nilikasirika zaidi. Ya tatu nikamuita Narcisse, kwa sababu Igihozo aliniambia yuko Goma kununua pneu, mipira ya minibasi yake.

Nikamwambia: "We, umenipandishia mukwe wangu mboga juu ya pombe!"

Akasema: "Mama Saidati, pole pole. Ile nafaka inatoka mbele pombe haijakuwa pombe. Wanaichemsha, wanakamua maji yake yenye sukari, maji ndiyo inaenda kufanywa bia. Yenye inabaki ni makapi. Wachungaji wa Rubona wanapanga foleni kuichukua. Ng'ombe yenye kutoa maziwa unakunywa kwa chai yako, unafikiri inakula nini?"

Nikahesabu. Miaka makumi mbili nakunywa ile maziwa, Belyse, na kumushukuru Mungu kila kikombe.

Hata hivyo nikaenda kwa shehe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama lengalenga iko mingi. Kisha akasema nile bila wasiwasi, kitu yenye imekwisha kuwa udongo ni udongo.

Donc pombe haiko. Umenipiga hofu bure, na umejipiga mwenyewe zaidi. Lakini kunificha ulinificha, hiyo sitaifuta na maji. Ulifikiri Saidati ni mutu wa kukunyanganya uwanja juu ya gunia ya makapi? Ungeniuliza siku ya kwanza ningekutukana, kisha ningekutafutia gunia ya ine.

Bon. Nilitaka kumalizia hapa, nikasaini. Nikasoma tena pale umeandika "sitakuacha ule kabla hujalisoma hili," nikaona haya.

Kwa sababu na mi nilikuficha. Wapangaji hawako. Hawakukuwa kamwe. Kagabo alikuwa ajenge chumba kimoja, yangu. Goti ya kuume imekufa tangu mwezi wa kumi. Idi Ndogo sikukosa kuja juu ya wateja, nilikosa juu ya ngazi za hapa kwangu, siwezi kuzishuka bila kushikwa. Simenti ilikuwa ya kunifanyia njia ya kutembea mpaka bafu bila kukwaa mawe. Miaka makumi tatu niko najilisha mwenyewe Goma. Sikujua namna ya kumuandikia mukwe: "Nipokee." Kuandika "wapangaji" ilikuwa rahisi.

We ulitaka uani. Mi nilitaka uani. Sasa sijui.

Saidati


Majengo, Gisenyi
23 Machi 1999

Mama yangu, shikamoo.

Mimi ninajua.

Shema amerudi jana, nami nikamsomea barua yako yote, hata pale panapotuaibisha sisi sote watatu. Alitoka nje kabla sijaikunja, akachukua kamba na vigingi. Nilidhani amekasirika. Nilipomfuata nikamkuta amepiga magoti uani akipima chumba.

Jibu la maswali yako, ambayo nilipaswa kuyaelewa mapema kuliko nilivyoelewa: kona inayopata jua la asubuhi ni ya mashariki, karibu na jikoni, na kelele za barabara hazifiki hapo. Chumba kitakaa pale. Kagabo ameitwa, atakuja na saruji yake, na amepewa mipaka: njia moja nyembamba kutoka mlangoni mwako hadi bafuni, isiyo na ngazi hata moja, yenye ubao wa kushikia. Zile tatu za zamani atazivunja. Uwanja uliobaki ni wa mboga, na unatosha. Nimeupima kwa hatua, na kwa hesabu zangu utatulisha majani mwaka mzima na kubakiza ya kumpa Gasana ili asije kuomba. Lundo nitalihamishia upande wa pili wa ukuta wa bafu, ambako dirisha lako litaliona lakini pua yako haitalisikia. Endapo italisikia, utaniita, nami nitaongeza vikavu.

Hukuhitaji kuandika "nipokee." Lakini kwa kuwa umeandika, nakujibu kwa maandishi, ili pawepo na karatasi: nyumba ni yako, na sisi ndio tuliokuwa tukikusubiri ndani yake.

Kuhusu lile nililokuficha, sitakuomba ulifute. Likae lilipo. Nimejifunza kwa kazi hii kwamba kilichooza hakifi kwa kufunikwa. Kinataka kufumuliwa na kupata hewa.

Mchicha sijaukata. Unakusubiri wewe na kisu.

Sheria ya nyumba kuhusu maganda unaikumbuka, nilikuandikia Novemba. Haina msamaha kwa mtu yeyote, hata kwa mwenye nyumba.

Belyse


Mupakani
27/3/99, saa ine ya asubuhi

Belyse,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwa benchi ya duane, yenye we unaita forodha. Igihozo anakimbia mbele na hii karatasi, uwahi kuweka maji kwa moto. Narcisse ananisubiri upande wenu na minibasi. Amenitandikia kiti ya mbele kama bibi-arusi.

Wamenikamata juu ya gunia. Nilikuwa na sanduku moja ya nguo, muswala wangu, na gunia moja munene yenye nilifunga na kamba mara ine. Kijana wa duane hakuangalia sanduku. Akaenda moja kwa moja kwa gunia, akaikamata, akaona iko nzito na iko na joto. Akaniangalia.

"Mama, ni nini hii?"

Nikamwambia: "Maganda."

"Maganda ya nini?"

"Ya ndizi, ya viazi, ya maharage. Ya nyumba yangu na ya wanawake wote wenye kuuza vitenge Birere. Wiki nzima wananichangia. Samaki haiko, nilichunga mwenyewe."

Akafungua. Akaingiza fimbo yake mpaka chini, akatafuta, akachomoa, ncha ikatoa moshi. Watu walijaa. Akamuita mukubwa wake. Mukubwa akanusa, akasema anasikia kama musitu. Nikamwambia kuna nyumbakumi mumoja anamudai hilo neno.

Wakafungua kitabu chao chenye kuandika vitu vyenye kuvuka: vitenge, sukari, sabuni. Maganda haiko. Mukubwa akaniuliza na sauti ya kazi kabisa: "Mama, katika miaka yangu yote hapa sijaona mutu mwenye kuvusha takataka. Unaipeleka kufanya nini?"

Mi nikasimama, na goti yangu hii, ili anisikie vizuri.

Nikamwambia: "Niandikie vyombo vya nyumba. Nahamia."

Saidati